Ukumbi wa Kuota

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani, kwa hiyo asitokee mtu akaja juu kwamba nimewasema watu wa kwao. Ni nchi ya milimani, ina bendera, ina wimbo, na ina serikali sikivu kupita kiasi. Wananchi walipoanza kulalamika kwamba maisha yamepanda, serikali ilisikia yote, tena kwa masikio mawili, ikaunda tume ya kuchunguza ni nani hasa waliokuwa wakilalamika.

Mwaka ule kila kitu kilipanda. Unga ulipanda, mafuta ya taa yalipanda, umeme nao ulipanda mpaka watu wakawa wanawasha taa kuhakikisha tu kama bado ipo, kisha wanaizima haraka. Mkaa ndio uliowatoa watu machozi. Ulipigwa marufuku Jumatatu ili kuokoa misitu, na Jumanne ukaanza kuuzwa na wale wale walioupiga marufuku. Waziri wa Fedha akalieleza taifa redioni kwamba bei hazijapanda hata chembe, ila wananchi ndio walioshuka, na akawasihi wajikaze wazifikie. Waliokuwa studioni walimpigia makofi, maana humo studioni mlikuwa na hita.

Ndipo kipupwe kikaingia.

Katika mji wa Baridini, mtaa wa Bondeni, aliishi fundi cherehani mmoja aitwaye Semeni. Mumewe alikuwa amevuka mpaka kutafuta vibarua, na tangu avuke hakuna aliyemsikia. Semeni alijifungua mtoto njiti, kasichana kadogo ambako mwezi mmoja mzima kalikuwa bado hakajatakiwa kuwa duniani. Alikaita Tunu. Zahanati haikuwa na mashine ya kuwatunzia watoto wa namna hiyo. Ilikuwa na picha ya mashine hiyo ukutani, pamoja na picha ya aliyeahidi kuileta.

"Wewe ndiye mashine," muuguzi alimwambia Semeni siku ya kumruhusu. "Mvue nguo, muweke kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunge na kanga. Usimtoe. Mtoto huyu hana mafuta ya kwake mwilini, anatumia joto lako. Ukipoa wewe, amepoa yeye. Akipoa, ataacha kunyonya. Akiacha kunyonya, usinilaumu."

Basi Semeni akawa mashine. Lakini mashine nayo inataka kupashwa moto. Kwa mkaa aliojaliwa kuupata, angeweza kuwasha jiko usiku tu, au mchana tu. Alichagua usiku. Mchana alikaa kitandani na kila alichokuwa nacho kimerundikwa juu yake: blanketi, mapazia, hadi magauni ya wateja, akiomba Mungu wasije kuyadai. Upepo wa mlimani ulipenya kila ufa na kumkuta humo humo. Alikuwa akimgusa mtoto miguu kila baada ya muda mfupi, na kila mara moyo ulimruka kabla mkono haujafika.

"Mwanangu, utakufa wewe kabla yake," alisema Bi Nyamizi, jirani yake wa chumba cha pili, bibi mwenye ulimi mkali na kifua kibovu. "Inuka twende mjini. Nasikia Halmashauri imetuonea huruma."

"Halmashauri gani?"

"Hii hii yetu."

"Ituonee huruma, kwani tumeifanya nini?" aliuliza Semeni, akaanza kutafuta viatu.

*

Ilikuwa kweli. Mstahiki Meya Pandisha alikuwa ameitisha kikao cha Baraza la Madiwani kujadili baridi. Diwani mmoja alipendekeza baridi ilaaniwe rasmi. Mwingine akataka kwanza ithibitishwe kwamba ni ya mji ule na haikutoka wilaya jirani. Mwishowe, kwa kuwa njaa ilikuwa imewashika na chakula cha kikao kilikwisha kupakuliwa, walikubaliana kwamba ukumbi wa jamii uliokuwa ukifugiwa popo ufunguliwe, uwekwe jiko kubwa la maranda ya mbao, na wananchi waje kukaa humo bila malipo. Ungeitwa Ukumbi wa Kuota Moto. Jina lilipendeza, likaandikwa ukutani kwa herufi nyekundu.

Mwanasheria wa Halmashauri ndiye aliyeligutukia. Sheria ndogo za mji, alisema, zinakataza moto katika majengo yote ya umma. Jiko halikumsumbua, kwa kuwa jiko liko ndani na halionekani barabarani. Tatizo lilikuwa neno. "Moto ukiandikwa ukutani, tena na Halmashauri yenyewe," alisema huku akifuta miwani, "mbele ya hakimu ni sawa na kuuwasha." Madiwani waliinamisha vichwa kuonyesha kwamba wameelewa. Mchoraji akarudishwa na ndoo ya chokaa, akalifuta neno la mwisho.

Kwa hiyo siku ya ufunguzi Semeni alipofika, akiwa ameshikilia tumbo la kanga kama mwizi wa mkate, alikuta ukuta umeandikwa UKUMBI WA KUOTA, na pembeni yake kiraka cheupe. Hakukijali. Alichokiona yeye ni moshi unaotoka kwenye bomba.

"Ndugu wananchi!" Mstahiki Meya alinguruma. "Nchi nyingine zina jua. Sisi tuna uongozi! Wako wanaobeza, wanasema mbona ukumbi utafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, ilhali baridi kali ni ya usiku. Nawajibu: hatuwezi kuifuata baridi kila inapotaka kwenda! Baridi ndiyo itakayotufuata sisi, saa za kazi! Jumamosi na Jumapili tutafunga, na ninawaomba msipate baridi siku hizo bila sababu za msingi."

Akakata utepe. Watu waliingia wakisukumana, wazee, wajawazito, mafundi waliokosa kazi, walimu waliokuwa nayo lakini hawakuona tofauti. Semeni alipata nafasi jirani kabisa na jiko. Joto lilimpanda kuanzia magotini, likafika tumboni, likafika kifuani. Baada ya muda alisikia ndani ya gauni kitu ambacho hakuwa amewahi kukisikia tangu ajifungue: Tunu alilishika ziwa akalivuta kwa nguvu, kwa hasira hasa, mpaka mama yake akakunja uso kwa maumivu. Semeni alilia mbele za watu wala hakuona haya.

"Unalia nini sasa?" Bi Nyamizi alimuuliza.

"Ananiumiza, bibi. Ananiumiza vizuri."

Siku zile zilikuwa njema, na ninazisema haraka kwa kuwa zilipita haraka. Tunu alianza kupata mashavu. Ngozi yake iliyokuwa nyembamba kama ganda la kitunguu ilianza kuficha mishipa. Semeni alimaliza mchana pale ukumbini, akarudi nyumbani akawasha jiko lake dogo la mkaa, kesho yake saa tatu kasoro alikuwa wa kwanza mlangoni. Alianza hata kufikiria jina la shule.

*

Kisha akaja Mkaguzi kutoka makao makuu.

Alikuwa bwana mwembamba, nadhifu, asiyetaka kabisa makosa wala chai. Alisimama nje ya ukumbi, akautazama ukuta, akamwita Bwana Tegemea, msimamizi wa ukumbi, mtu mnene mwenye koti la suti na suruali ya suti nyingine.

"Hapa pameandikwa kuota," alisema Mkaguzi.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kuota nini?"

Bwana Tegemea alifungua mdomo ajibu, akaona kile kiraka cheupe, akaufunga. Alikuwa ameajiriwa miaka mingi na alijua kwamba neno lililofutwa na Baraza halitamkwi na msimamizi.

"Kuota tu, mheshimiwa," alisema.

"Hakuna kuota tu. Fedha za umma haziwezi kutumika kuota tu." Mkaguzi alihesabu kwa vidole. "Mimea huota. Lakini mimea iko Wizara ya Kilimo, nanyi hamna kibali cha kilimo. Watu huota moto. Lakini hapa moto haupo, si umefutwa? Inabaki ndoto. Ukumbi huu ni wa kuota ndoto. Sasa nieleze, ndugu msimamizi, jiko la nini? Mtu anahitaji jiko ili aote ndoto?"

Bwana Tegemea alijikuna kisogo. Alikiri kwamba yeye binafsi nyumbani kwake huota bila jiko.

Mchana ule ule jiko lilitolewa likiwa bado lina moto, likabebwa na vijana wanne hadi kwenye ofisi ya Baraza la Madiwani kama kielelezo. Madiwani walilichunguza kwa makini. Kila siku walikaa wamelizunguka kuanzia asubuhi hadi jioni, wamevua makoti, na kila walipokaribia kufikia uamuzi waliomba maranda zaidi.

Semeni alipoliona jiko likipitishwa mlangoni aliinuka akalifuata hatua kadhaa, mkono mmoja mbele, bila kujijua. Bi Nyamizi alimvuta akamrudisha.

"Kaa chini. Usiondoke. Tumebaki sisi."

Na kweli, walibaki wao. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu bega kwa bega, na watu wengi wakibanana huwa wanatoa joto, ingawa serikali hulisahau jambo hilo kwa kuwa halina fungu kwenye bajeti. Lilikuwa joto la pumzi na makwapa, lenye harufu ya vitunguu na soksi, lakini lilikuwa joto. Tunu aliendelea kunyonya, ingawa si kwa ile hasira. Semeni alijibana katikati ya mama mmoja mnene na mwalimu mmoja wa hesabu, akawa anawaombea wote wawili wasipate kazi mahali pengine.

*

Kwa kuwa sasa ukumbi ulikuwa wa ndoto, ilibidi ndoto zionekane. Bwana Tegemea alipandishwa cheo kuwa Afisa Uotaji. Akapewa kipaza sauti. Ukifika muda wa kufunga alikaa mlangoni, na kila aliyetaka kuingia tena kesho yake alipaswa kumweleza ameota nini leo. Hakutaka ndoto za hovyo. Ndoto zilipaswa kuwa na mwelekeo wa maendeleo.

Siku ya kwanza watu waliota kama walivyozoea. Mama mmoja aliota marehemu dada yake. Mwalimu aliota mtihani. Bwana Tegemea aliwaonya kwa upole. Lakini fundi baiskeli mmoja, mtu mkweli asiye na bahati, alisema ameota gunia la mkaa limesimama uani kwake, analiwasha, na watoto wake wamekaa wanacheka.

"Umeota nini?" Bwana Tegemea aliuliza polepole.

"Mkaa, bwana. Umewaka."

"Ameota moto!" Afisa Uotaji alitangaza kwenye kipaza sauti, uso umemsawajika kwa hofu. "Ndani ya jengo la umma! Mtu huyu ameota moto!"

Fundi baiskeli alitolewa na hakuruhusiwa kurudi. Tangu hapo kila mtu alijua kwamba humo ndani unaweza kuota chochote isipokuwa kile kilichokuleta.

Bi Nyamizi ndiye aliyewaokoa. Alikuwa amelala usingizi kidogo sana maishani mwake, lakini uongo wa kupendeza alikuwa nao wa kumwaga. Asubuhi alipita kwenye mabenchi akigawa ndoto. "Wewe leo umeota barabara ya lami. Wewe, daraja. Wewe mwenye uso wa kisomi, umeota takwimu." Watu walizipokea, wakazikariri, na alasiri walizitoa mlangoni kama watoto wanaosoma ngonjera. Bwana Tegemea alifurahi. Makao makuu yalifurahi. Ikatangazwa redioni kwamba Baridini inaongoza kitaifa, na wilaya zilizokuwa zimefungua kumbi za kuota moto zikaamriwa zifute neno moto haraka.

Lakini ndoto nazo zikapanda bei. Daraja lililotosha Jumatatu halikutosha Alhamisi. Ilibidi liwe la ghorofa. Halafu Bwana Tegemea akaligundua gauni la Semeni.

"Humo kuna mtu," alisema.

"Ni mtoto, bwana afisa."

"Anachukua nafasi."

"Nafasi gani? Yuko ndani ya nguo yangu."

"Anavuta hewa ya ukumbi. Wewe umeota kiwanda, sawa, nimesikia. Yeye ameota nini?"

Semeni aliutazama mlango. Nje, upepo ulikuwa unapiga filimbi kwenye waya za umeme. Akifukuzwa hapa, kulikuwa na kitanda na mapazia, basi.

"Ameota uwanja wa ndege," Bi Nyamizi alidakia nyuma yake.

"Mtoto huyu anaujuaje uwanja wa ndege?"

"Hata mimi siujui, mheshimiwa, na nina umri huu. Ndiyo maana ikaitwa ndoto."

Bwana Tegemea alifikiri. Taratibu uso wake ukang'aa, kama mtu aliyeona cheo kingine kinamjia. Akalifunua gauni la Semeni kidogo, akachungulia, akasema kwa sauti ya heshima, "Mwotaji mdogo kuliko wote nchini."

*

Wiki iliyofuata ikatangazwa kwamba Waziri wa Matumaini atakuja kumwona.

Maandalizi yalikuwa makubwa. Gari la zimamoto la mkoa, ambalo kwa miaka lilikuwa likienda kwenye matukio bila maji na kurudi na samahani, lilijazwa maji kwa heshima ya ugeni huo na kuegeshwa langoni, limesuguliwa hadi linang'aa. Ukumbi ulifagiliwa. Kisha, kwa kuwa Mheshimiwa asingeweza kuvuta hewa ya watu, madirisha yote yalifunguliwa. Kisha, kwa kuwa Mheshimiwa angehitaji nafasi ya kutembea na kupigwa picha, watu walitolewa nje na kuzuiwa kwa kamba uani, pamoja na Bi Nyamizi aliyekuwa akipiga kelele mpaka kifua kikambana. Alibaki Semeni peke yake katikati ya ukumbi, kwenye kiti kimoja chenye kitambaa cheupe.

Aliomba angalau dirisha moja lifungwe. Aliambiwa lipo kwenye ratiba, baada ya hotuba.

Saa zilikwenda. Mheshimiwa alikuwa anapata kifungua kinywa, kisha chakula cha mchana. Baridi iliingia kwa madirisha yote, ikakaa kwenye mabenchi yaliyokuwa ya watu. Semeni alijikunja, akapumulia ndani ya gauni lake, pumzi baada ya pumzi, akausugua mgongo mdogo kwa kiganja. Alimpa ziwa. Tunu alilishika, akaliachia. Alimpa tena. Akalishika kidogo, kama anayefanya hivyo kwa adabu tu, akaliachia. Miguu yake ilikuwa baridi. Semeni hakuwahi kuogopa kiasi kile, wala siku ya kujifungua.

Waziri aliingia na kundi lake, wote wamevaa makoti mazito. Alimsifu Meya, Meya akamsifu Waziri, Bwana Tegemea akawasifu wote wawili. Waziri alisema kwamba mataifa makubwa yote yalianza na ndoto, na kwamba wakati maadui wa taifa wanahesabu mkaa, sisi tunahesabu ndoto, na ndoto hazina moshi. Wapiga picha wakasogea.

"Mfunueni tumwone," Waziri alisema.

"Tafadhali, mheshimiwa," Semeni alisema. "Nikimfunua atapoa."

"Kidogo tu, mama. Taifa linamsubiri."

Bwana Tegemea akaifungua kanga mwenyewe. Kichwa kidogo kikatokeza, kimelegea, midomo ina rangi ya zambarau. Taa za kamera zikamwangaza na yeye hakukunja hata jicho.

"Amelala fofofo!" Waziri alifurahi, akainama na kipaza sauti. "Hebu tuambie, mama. Mtoto wetu anaota nini?"

Ule uwanja wa ndege ulikuwa tayari, Bi Nyamizi alimkaririsha tangu asubuhi, pamoja na njia mbili za kurukia. Semeni aliutafuta hakuupata. Alichokuwa nacho ni ubaridi wa miguu ile miwili juu ya tumbo lake.

"Moto," alisema. "Anaota moto, mheshimiwa. Hana ndoto nyingine. Mnaye hapa mbele yenu anakufa kwa baridi na mmefungua madirisha. Moto! Leteni moto!"

Kipaza sauti kilikuwa kizuri, kilikuwa kipya. Neno hilo lilitoka kwenye spika zote, za ndani na za uani. Walinzi wa Waziri, ambao walifundishwa kutofikiri penye hatari, walilisikia wakafanya walivyofundishwa. "Moto! Moto ukumbini!" Walimnyanyua Mheshimiwa juu juu, miguu haigusi chini, wakatoka naye mbio. Meya alitokea dirishani. Bwana Tegemea alitokea dirishani pia, ila lililokuwa dogo, akakaa hapo kwa muda.

Na kikosi cha zimamoto, ambacho kwa mara ya kwanza katika historia yake kilikuwa na moto, maji na waziri mahali pamoja, hakikufanya makosa. Mpira ulifunguliwa, ukaelekezwa mlangoni, na maji ya mlimani yakaingia.

Semeni aliwahi tu kugeuka. Yalimpiga mgongoni, yakamwangusha kwa magoti, yakapita juu ya kichwa chake na chini ya tumbo lake. Alijikunja juu ya mtoto akawa kama paa, lakini paa lilivuja. Yalipokatika alikuwa ameloa hadi kwenye ngozi, anatetemeka mwili mzima, na kifua chake, kile kifua kilichokuwa ndilo jiko la mwisho katika mji wa Baridini, kilikuwa baridi kama sakafu. Aliinua kichwa kutafuta mtu mkavu. Hakukuwa na mtu.

Askari wa zimamoto mmoja akaingia, koplo, mtu wa makamo aliyevaa kofia ya chuma na lile koti lao kubwa zito. Alitazama dari, akatazama kuta, akatazama mabenchi yanayochuruzika.

"Mama, moto uko wapi?"

"Huu hapa," Semeni alisema, akafungua gauni. "Unazimika."

Koplo alitazama. Alikuwa amefundishwa moto wa mafuta, moto wa umeme na moto wa nyasi.

"Mama, mimi kazi yangu ni kuzima."

"Basi simama hapo uutazame unavyozimika. Hutachoka, haukawii."

Alisimama. Alitazama mlangoni, kisha akamtazama tena mtoto. Ghafla alianza kuhangaika na vifungo vya koti, kile cha juu, kinachofuata, vidole vinene vinateleza, akararua shati lililokuwa chini yake, akanyoosha mikono. Semeni alimkabidhi mtoto kwa mtu asiyemjua hata jina. Koplo alimlaza kifuani, akashtuka kwa ubaridi wake, akamfunika.

Redio iliyokuwa begani mwake ikakoroma. "Koplo! Hali ikoje huko ndani? Moto umezimika?"

Koplo aliingiza kidevu ndani ya koti, akatulia. Semeni alimtazama usoni tu, hakuwa na kwingine kwa kutazama. Alitaka kuuliza na aliogopa kuuliza.

"Koplo! Nakuuliza, moto umezimika?"

Uso wa koplo ukakunjamana, taratibu, kama mtu anayetekenywa na hataki kucheka. Kitu kidogo chenye unyevu kilikuwa kinahangaika kwenye kifua chake chenye vinyweleo, kinatafuta ziwa, kinakosa, kinatafuta tena.

"Bado, afande," alisema kwenye redio, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unawaka."

"Kwa nguvu?"

"Kidogo. Lakini unawaka."

"Basi toka humo haraka! Tunapiga maji tena!"

Kule mlangoni mpira wa maji ulianza kuvimba. Koplo aliuona. Alikata redio, akafunga koti kifungo kwa kifungo hadi shingoni, akaugeuzia mlango mgongo.

"Mama, njoo mbele yangu," alisema. "Inamisha kichwa. Nishike kiunoni, usiniachie."

Semeni alimshika. Kisha maji yakaja.